Kidole Kilichoogopa Mwezi

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni, kichwa nimekiinamisha. Nilikuwa sijanyoa kwa miezi miwili, na msomaji wangu wa siku nyingi ajue mapema kwamba haikuwa kwa sababu ya uvivu. Kinyozi, kijana mwenye kibanda mpakani mwa Majengo, alizima mashine akaniambia, "Mzee, umeskia fundi wa mwezi ametuacha? Walimzika jana baada ya adhuhuri." Kabla sijapata la kusema aliiwasha tena, akapita utosini, akateremka upande wa kulia, kisha mashine ikasimama nyuma ya sikio. Alipagusa kwa kidole. "Na hii ni nini hapa?" Nikamwambia ni chunusi. Akasema hajawahi kuona chunusi ngumu namna hiyo, nami nikamwomba amalize kazi yake. Kivimbe nilikuwa nakijua. Ndicho nilichokifugia nywele. Tena nilijua kilichomwua fundi wa mwezi: kidonda nyuma ya sikio, nalo lilikuwa la kulia. Nilipotoka pale niliingia duka la kwanza lenye kofia nikanunua kepi, nikaivuta mpaka ikagusa nyusi.

Safu hii haina desturi ya kutaja majina ya watu, na leo nitaishika desturi hiyo, ingawa mtaona mbele kwamba kutotaja jina hakumsitiri mtu hata kidogo. Marehemu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mabeseni na ndoo za plastiki, kando ya Mukuru kwa Reuben. Wenye kiwanda ni Wachina. Yeye alikuwa mzaliwa wa Majengo, Pumwani, Mwislamu wa kushika saa za swala, na kila asubuhi alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Huko kiwandani alijulikana kwa mikono yake. Kwetu alijulikana kwa macho. Kila jioni ya mwezi ishirini na tisa, Ramadhani inapongojwa au inapomalizika, alipanda juu ya paa pamoja na wazee na vijana kuutafuta mwezi mwandamo, na katika miaka yote niliyomjua hakuna aliyeuona kabla yake.

Nilifahamiana naye kwa sababu ya kosa langu. Niliwahi kuandika hapa, kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu, kwamba kesho yake ingekuwa Idi. Kesho yake Majengo nzima ilikuwa bado imefunga. Alinikuta kwenye benchi la muuza kahawa baada ya magharibi, gazeti kalikunja kwapani, akanisalimu kwa adabu, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akaniambia kwamba mwezi hautazamwi gazetini, hutazamwa juu ya paa, na kama nina miguu nimfuate. Mimi ni mtoto wa Wakristo kutoka Murang'a na sikuwa nimewahi kualikwa kwenye shughuli hiyo. Nilimfuata. Tangu siku hiyo sikukosa mwaka hata mmoja.

Kazi ile ilikuwa na namna yake. Upande wa magharibi, palipo mji, majengo mapya yanazidi kurefuka, kwa hiyo kila baada ya miaka michache wanaoutafuta mwezi hulazimika kuhamia paa la juu zaidi. Wanasimama kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, wamekaza macho kwenye ukanda mwembamba wa anga uliobaki. Kisha mkono wa kulia wa marehemu ulinyanyuka, kidole kikanyooka, ukatulia. Watu walimjia mmoja mmoja, wakaweka shavu begani pake, wakatazama kufuata mkono kana kwamba wanalenga manati, na kila mmoja aliguna alipouona. Hata mimi mwenye miwani nimeuona hivyo. Mtaa ulikuwa ukiuona mwezi kwa kidole cha mtu mmoja.

Sasa tuje kiwandani. Palikuwapo mwanamke wa makamo, Mchina, aliyewapikia wenzake, na fundi alimtengenezea chungu chake cha umeme cha kupikia wali mara nyingi hata wakazoeana. Kiswahili alikiokota humo humo kiwandani, na kilimtosha. Siku moja fundi aligundua kwamba mama huyu naye anahesabu miezi kwa kutazama juu, na kwamba siku ya kumi na tano yao huangukia karibu na zile siku za katikati ya mwezi ambazo yeye hufunga sunna. Alilisimulia jambo hilo kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake ni binamu yake. Saa ya chai mama yule alimweleza mambo ya mwezi wa kwao. Huko juu anaishi mke wa mtu aliyekunywa dawa ya kutokufa, akawa mwepesi, akaelea mpaka mwezini, na mumewe akabaki chini akimtazama. Yuko na sungura anayetwanga dawa kwenye kinu, usiku na mchana. Yuko pia mwanamume aliyehukumiwa kukata mti ambao kila shoka linapochomolewa jeraha lake hujifunga, naye huanza upya. Na ikifika vuli ya kwao, mwezi wa nane kwa hesabu yao, siku ya kumi na tano, watu wote hurudi nyumbani wakae pamoja chini ya mwezi mzima wale keki za duara. Aliye mbali hutazama mwezi uleule akajua kwamba wa kwao pia wanautazama.

Sikukuu hiyo, mwaka juzi, Wachina wale waliifanyia uani mwa kiwanda. Meza ilitandikwa karibu na lango, keki zikapangwa, mabalungi yakamenywa, chai ikamiminwa. Fundi alikuwa amefunga. Mama yule alimpikia keki zake kando, kwa mafuta ya kupikia yasiyo na nguruwe, akachomeka kijiti katika kila moja zisichanganyike na nyingine, na fundi alinisimulia habari ya vijiti hivyo zaidi ya mara tatu, kwa jinsi vilivyomgusa. Adhana ilisikika kutoka upande wa Mukuru. Alifungua kwa maji, akamega keki, na papo hapo, juu ya mabati, mwezi ukachomoza mkubwa na mwekundu katika moshi wa viwanda. Mkono wake ukafanya ulivyozoea. Ulinyanyuka, kidole kikanyooka. "Ule pale," akasema kwa furaha.

Mama yule alikirukia kile kidole akakishusha kwa mikono miwili. Hakuwa akitania. Kwao mtoto anaonywa angali mdogo kwamba mwezi haunyooshewi kidole, kwa kuwa unajua kulipiza: mtu akiwa amelala hushuka ukamkata nyuma ya sikio. Lakini dawa ipo tena ni rahisi. Unganisha viganja, inama mara tatu, uombe msamaha, basi yamekwisha. Akamwonyesha namna ya kuinama, akangoja. Fundi alicheka kidogo akamweleza kwamba yeye hainamii kiumbe, hata kama ni mwezi, dini imemkataza. Mama hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba basi siku nyingine akiweke kidole chake mfukoni.

Baada ya wiki chache palitokea kidonda nyuma ya sikio lake la kulia, pale ukingo wa kofia unapogusa.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo, maana mimi mwenyewe sikusimama. Angekuwa mtu asiyeamini kabisa, angecheka, akajipaka mafuta ya mgando, akaendelea na maisha. Angekuwa mtu wa kuamini kabisa, angeinama mara tatu, na akaendelea vilevile. Yeye aliogopa kiasi cha kukosa usingizi, lakini dawa aliyopewa ya hofu hiyo imani yake ilikuwa imemfungia. Asingeweza kumweleza imamu wake kwamba anauogopa mwezi. Asingeweza kumweleza mama wa kiwandani kwamba alikuwa amesema kweli. Kwa hiyo alikaa nayo peke yake, akawa anakigusagusa kidonda kila asubuhi kuona kama kimepungua, na hakikupungua.

Ramadhani ilipokaribia tulipanda paa kama kawaida. Watu walikaza macho, jua likazama, na nikamwona uso umebadilika, nikajua ameuona. Mkono haukunyanyuka. Ulikuwa mfukoni. Alianza kueleza kwa maneno: kushoto kwa tangi jeusi, juu ya waya, chini ya lile wingu lililochanika. Watu walitazama tangi jingine. Vijana wakaanza kucheka, mzee mmoja akauliza kama fundi ana maumivu ya bega, na mpaka watu wapate kuuona, mwezi ulikuwa umekaribia kuzama. Kwenye ngazi, tukishuka, nilimshika mkono nikamuuliza. Alingoja wengine wapite. Akavua kofia, akanigeuzia kichwa. Kilikuwa kidogo bado, sawa na punje ya dengu.

"Usinicheke," akaniambia. "Najua ni upuzi. Lakini hakiponi, na mimi naogopa."

Nilimcheka. Sitafuti neno jingine la kulifunika hilo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikapanda tena ngazi mpaka juu, nikaunyooshea ule mwezi vidole vyangu vyote kumi, nikaupigia kelele ushuke uje unikate masikio yote mawili. Aliniangalia akiwa chini ya ngazi, kofia mkononi. Nilidhani namtoa hofu. Wiki iliyofuata niliandika kisa hicho hapa, katika ukurasa huuhuu, na wengi wenu mliniletea ujumbe kwamba hamjacheka hivyo siku nyingi. Jina sikulitaja. Nilisema tu mtu mmoja wa Majengo anayesifika kwa kuona mwezi, ambaye sasa anauogopa. Nilijiona nimemtendea ungwana.

Majengo kuna mtu mmoja tu wa namna hiyo. Siku gazeti lilipotoka, vijana walimkuta anatoka msikitini. Nilihadithiwa na kinyozi yuleyule, na alihadithia akicheka, maana alikuwapo. "Niaje budaa," mmoja alimsalimu, "maskio bado ziko zote?" Wakamzoea kwa hilo. Watoto wadogo walifunika masikio kwa viganja kila alipopita. Yeye alivuta kofia chini, akapita. Mwisho wa Ramadhani ile hakupanda paa, wala hakupanda tena mpaka mauti yalipomkuta.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, mtaani, saa za alasiri. Alianza yeye kunisalimu, kwa sauti ileile, akaniuliza hali ya nyumbani. Chini ya kofia palionekana pamba, na aliponisogelea nilisikia harufu ya dawa ya vidonda iliyochanganyika na harufu nyingine ambayo sikutaka kuijua. Nilitaka kuuliza. Nikamuuliza habari za kazi. Akasema kazi ipo, tunashukuru Mungu. Tukaagana, na nilipofika pembeni nilijifuta jasho, nikajiambia kwamba mtu mzima anajua njia ya hospitali.

Nimefikiri sana juu ya neno hilo. Sisi wa mitaa ya Eastlands tunajua njia zote za hospitali, tunajua na madirisha yake, na bado tuko wengi tunaotembea na kitu chini ya nguo. Mama anajua titi lake limebadilika na anaendelea kufua nguo za watu. Kijana wa kiwandani Mukuru kwa Njenga anakohoa kwa miezi, anasema ni vumbi la saruji. Tunachokiogopa ni ile siku ya kuambiwa, na ili tusiifikie siku hiyo tunatafuta sababu nyingine yoyote ya maradhi yetu. Jicho la jirani. Baridi ya Julai. Mwezi. Sababu yenyewe yaweza kuwa ya ajabu, lakini hofu iliyo chini yake ni ya kweli, na mtu anayekuonyesha sababu ya ajabu mara nyingi anakuonyesha hofu yake kwa njia pekee anayoiweza. Mimi nilionyeshwa kwenye ngazi, nikaona sababu peke yake, nikaigeuza kuwa kicheko cha Jumamosi. Kazi hii ya kuandika safu humzoesha mtu kutazama kila kitu kama kitafaa ukurasani, na kidonda cha rafiki yangu kilifaa sana.

Tangu kile kivimbe changu kijitokeze, wapenzi wasomaji, nimekuwa nafunga pazia jua likizama. Niliyepiga kelele juu ya paa sasa nazunguka nyumba ili nisiutazame mwezi uliojaa, na mke wangu akiniuliza namwambia mwanga unaniumiza macho. Nikioga napitisha kidole pale nyuma, nakiondoa haraka. Nimehesabu vidole vyangu kumi mara nyingi. Haya ni maneno ya mtu aliyesoma na mwenye mvi, na naona haya kuyaandika, ila fundi alistahili haya hiyo nimlipie hadharani, kwa kuwa yake niliitoa hadharani.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda kwenye khitma. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka katika njia kati ya nyumba, wanawake uani. Hakuna aliyenilaumu, walinipisha nafasi, wakaniletea chai ya tangawizi, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko matusi. Nilikuwa na kepi kichwani katika jua la saa tisa. Wakati wa kuondoka mjane alitoka uani akaniambia kwa upole kuna mtu ameniulizia. Nyuma yake alisimama mama wa kiwandani, mtandio kichwani, mkononi mfuko wa karatasi wenye keki za duara, kila moja na kijiti chake.

Nilimwambia pole. Naye akanipa pole. Kisha akanieleza, taratibu, akitafuta kila neno, kwamba tangu alipokiona kile kidonda kila mwezi ulipojaa aliinama yeye badala ya fundi, mara tatu, maana fundi hakuruhusiwa. Lakini hakuishia hapo. Alimwambia aende hospitali, akamwambia tena, akaomba hata ruhusa kwa msimamizi ampeleke mwenyewe. Fundi alikataa. Alimjibu kwamba kule watauliza kilianzaje, watu wa mtaani wako kila foleni, na gazeti limeshawaambia kilianzaje. Alipelekwa mwishowe na mkewe, alipokuwa hawezi tena kugeuza shingo, na daktari alisema amechelewa.

Nilitazama vijiti kwenye keki. Mama yule alikuwa anatazama kepi yangu, kisha mkono wangu, ambao ulikuwa umepanda wenyewe kwenda nyuma ya sikio. Akaniambia nivue. Sijui kwa nini nilimtii mbele ya watu wote wale. Alizunguka nyuma yangu, akainua shingo kutazama, akauliza ni siku ngapi. Nikasema miezi miwili na zaidi.

"Mwezi ikikata mtu, siku tatu inapona," akaniambia. "Mimi nimekatwa nikiwa mtoto, nilipona. Yake haikupona, nikamwambia, hii si mwezi. Yako pia si mwezi."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali ya serikali, kepi nimeiacha nyumbani. Mbele yangu alisimama kijana wa Majengo aliyenitambua, akanitazama sikio, akatazama pembeni. Daktari aliuliza kilianza lini, nikamwambia ukweli. Akauliza kwa nini nilikaa nacho, nikamwambia ukweli pia, na hakucheka. Walikata kipande kidogo wakakitia kwenye chupa yenye jina langu. Majibu hayajatoka ninapoandika haya. Naogopa, na hofu hiyo haijanitoka hata kwa dakika moja.

Kama una rafiki aliyekuonyesha kitu cha ajabu akakuomba usicheke, usicheke. Vaa viatu umpeleke. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na kitu ulichokifunika, kiwe chini ya kofia, chini ya blauzi au chini ya neno la mzaha, mimi niko kwenye foleni, kichwa wazi, bandeji nyuma ya sikio inaonekana na kila mtu. Njoo usimame nyuma yangu.